Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko: miezi minane kwa mgonjwa wa aota

Habari zenu wadau. Naona kila wiki kuna mtu anauliza anunue mashine gani ya presha kwa ajili ya mama au baba, na majibu ni yale yale, chukua hii ni nzuri, chukua ile ni bei chee. Mimi nimetumia mbili, moja imenitesa na nyingine tunaishi nayo mwezi wa nane sasa. Mgonjwa wangu lakini sio mzee, ni kaka yangu wa miaka 41, dereva wa fuso, ana stenti (kibomba cha chuma na kitambaa) ndani ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, kwa sababu ya ajali, na kwake ile namba ya presha ndio kila kitu, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwanza ajali yenyewe. Mwaka 2019 alikuwa anatoka Mbeya na viazi, pale mteremko wa Kitonga breki zikagoma, akaenda kulivaa tela lililokuwa limesimama. Mkanda hakuwa amefunga, kifua chote kikaenda kwenye usukani. Alitolewa akiwa anaongea, damu hakuna, akapelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja, akapigwa eksirei moja akiwa amelala, wakaona mbavu mbili zimevunjika, mapafu mazima, siku ya tatu akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Sisi tukachinja mbuzi kabisa, tukamshukuru Mungu.

Aota hakuna aliyeitaja. Mimi neno lenyewe nilikuwa silijui. Ni ule mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, unatoka kwenye moyo upande wa kushoto, unapanda juu kidogo, unakunja kama mpini wa mwavuli halafu unashuka nyuma ya kifua mpaka tumboni, na damu yote ya mwili, kama lita 5 kila dakika mtu akiwa ametulia, lazima ipite humo. Sasa daktari alituchorea kwenye karatasi, akasema moyo na ile kona ya juu vinaning'inia, vinacheza, ila kipande kinachoshuka kimeshikiliwa na mgongo. Gari likisimama ghafla kile kinachocheza kinaendelea kwenda mbele na kile kilichoshikwa kinabaki, na mahali vinapovutana ni pale pale baada ya kutoka mshipa wa mkono wa kushoto. Ndio panapochanika. Na wengi hawafiki hata kwa daktari, kuna uchunguzi wa maiti 275 uliochapishwa Marekani mwaka 1958, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walikuwa wamekufa pale pale. Kaka alikuwa kwenye wale wachache ambao tabaka la ndani linachanika ila lile la nje linashikilia damu isimwagike, halafu taratibu, mwaka baada ya mwaka, pale pembeni panavimba kama tairi la ndani linavyotokeza kwenye tundu la tairi la nje. Hiyo ndio anyurizimu ya baada ya ajali.

Tulijuaje? Sauti. Mwisho wa 2023 sauti ya kaka ikaanza kukwaruza, tukasema mafua, akanywa tangawizi na asali wiki tatu, wapi. Wifi akamlazimisha aende kwa daktari wa koo, yule daktari (Mungu ambariki popote alipo) akaingiza kamera akaona kamba ya sauti ya kushoto haichezi kabisa, akamuuliza swali moja tu, umewahi kuumia kifua? Kumbe neva inayoendesha ile kamba inashuka inazunguka chini ya aota ndio inapanda tena kooni, na uvimbe ukiwa pale unaibana. Akamwandikia siti skani ya kifua yenye dawa ya mshipani siku hiyo hiyo. Uvimbe ulikuwa na upana wa sentimita 5.8. Aota ya mtu mzima pale ni kama sentimita 2 na nusu hivi.

Nilikasirika sana na bado nina hasira. Eksirei inaweza ikatoka safi kabisa na aota imechanika, hili niliambiwa na madaktari watatu tofauti, kipimo kinachoona ni siti skani. Mtu aliyegonga kifua kwenye usukani kwa spidi ile alistahili kupimwa, au kama mashine haipo basi aambiwe nenda mahali fulani ukapimwe. Hakuambiwa.

Alipelekwa India mwanzoni mwa 2024. Hawakumpasua kifua. Walipitishia kwenye mshipa wa kinena stenti iliyovalishwa kitambaa, wakaipandisha mpaka kwenye uvimbe, wakaifungulia pale, damu sasa inapita ndani ya kitambaa na ule uvimbe umebaki nje unakauka. Daktari alituambia mtu wa kwanza kufanya hivyo kwenye aota ya kifua alikuwa Nikolay Volodos, kule Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987, na mgonjwa wake alikuwa na tatizo kama la kaka, uvimbe wa baada ya kuumia. Niliposikia hivyo sijui kwa nini nilitulia, nikaona kumbe sio kitu cha kujaribia kwa ndugu yangu.

Sasa tuje kwenye mashine. Wakati wa kuruhusiwa tuliambiwa kitu kimoja mara tano: presha. Pima asubuhi na jioni, andika, lengo lake chini ya 130 kwa 80 (hilo ni lengo alilopewa yeye, wewe fuata la daktari wako).

Mashine ya kwanza niliinunua mtaani, ile ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono kama saa. Elfu 45. Nilivutiwa kwa sababu ni ndogo, inaingia kwenye begi, nikajua dereva ataipenda. Jamani. Asubuhi moja ilitupa 152, baada ya dakika tano 119, baada ya hapo 138, mtu amekaa pale pale kwenye kochi hajanyanyuka. Baadaye nesi akanifundisha kwamba zile za kifundo lazima mkono uwe usawa wa moyo kabisa, ukishuka kidogo inasoma juu, ukipanda inasoma chini, kwa hiyo mtu akiiweka mapajani ndio unapata hayo maajabu. Labda kuna mtu anaiweza, kwa mgonjwa ambaye daktari anapanga dozi kwa namba hizo mimi siishauri. Niliigawa? Hapana, ipo kabatini, sitaki imdanganye mtu mwingine.

Ya pili ndio hii ya kufunga juu ya kiwiko. Elfu 110 kwenye duka la vifaa tiba Kariakoo, nikabembeleza wakashusha mpaka 98. Jina la kampuni naliacha, maana matoleo ni mengi na hata ukinunua jina kubwa unaweza kupewa feki, nitawaambia cha kuangalia. Mimi niliangalia kama toleo limepimwa na kupitishwa, kuna orodha za kimataifa za mashine zilizopitishwa, moja inaitwa STRIDE BP, unaingia kwa simu unaandika namba ya toleo. Muuza duka alinishangaa nimesimama dakika kumi naandika kwenye simu lakini hela ni yangu.

Ikishafika nyumbani ikawa na tatizo ambalo kosa ni la kutokujua, mkanda wake. Ule unaokuja kwenye boksi umeandikwa sentimita 22 mpaka 32. Kaka amebeba magunia tangu ana miaka kumi na saba, mkono wake wa juu ni sentimita 36. Mkanda ulifunga kwa shida, na ukiwa mdogo mashine inasoma juu kuliko ukweli. Wiki nzima tulikuwa tunaona 140 na kitu tukapanic, wifi halali. Nikarudi Kariakoo nikanunua mkanda mkubwa wa 32 mpaka 42 wa kampuni hiyo hiyo, elfu 35 nyingine, namba zikashuka kama 10 hivi. Kwa hiyo kabla hujalipa, chukua futi ya fundi cherehani, pima mkono katikati ya bega na kiwiko, ndio uende dukani.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Kaka alirudi Mbeya na mashine yake, mkanda mkubwa, daftari, kila kitu. Wifi ndio anapima. Kijitabu cha mashine kimechora mkono wa kushoto, na kaka anatumia kulia, kwa hiyo kwa akili ya kawaida akawa anamfunga kushoto. Namba zikaja tamu, 108 kwa 70, 112 kwa 72, 105. Tukawa tunatumiana kwenye grupu la familia na emoji za kupiga makofi. Mama akatoa sadaka. Kaka akaanza kuruka dozi ya jioni maana presha imeshuka dawa za nini, na wifi akaona kweli namba ni nzuri, akanyamaza. Wiki ya tatu akaanza kulalamika kichwa kinagonga kisogoni asubuhi.

Alikuja Dar kliniki akafikia kwangu Tabata. Usiku nikampima mwenyewe, nikamfunga kulia kwa sababu tu yeye alikaa upande ule wa kochi, soketi ya umeme iko huko. 149 kwa 90. Nikasema mkanda umekaa vibaya. Nikarudia, 146. Nikahamia kushoto, 111. Nikarudi kulia, 147. Nilishika kile kimashine nikataka kukirusha nikijua kimekufa.

Asubuhi kliniki daktari hakushangaa hata kidogo. Akafungua ile barua ndefu ya kutoka India, ya Kiingereza, ambayo sisi tulikuwa tumeitunza kwenye faili la plastiki bila kuisoma, akatuonyesha mstari. Uvimbe ulikuwa karibu mno na mlango wa mshipa unaopeleka damu mkono wa kushoto, ili stenti ishike vizuri ilibidi kitambaa kifunike huo mlango. Mkono haufi, unapata damu kwa njia za kuzunguka, ila presha yake inakuwa ya chini. Mkono wa kushoto wa kaka hausemi ukweli wa mwili wake tena, na hautausema. Presha ya moyo wake, ya ubongo wake, ni ya mkono wa kulia. Wiki tatu zile alikuwa anatembea na 147 huku akiruka dawa!

Nilimuuliza daktari mbona hamkutuambia, akasema iko kwenye barua. Sawa iko kwenye barua. Wifi yangu ameishia darasa la saba na mimi mwenyewe nisingejua kutafsiri ule mstari. Neno moja tu lingetosha, pima kulia. Kwa hiyo mwenye mgonjwa aliyewekewa stenti ya kifua, uliza kwa mdomo, mkono gani? Na hata ambaye hana stenti, siku ya kwanza mpime mikono yote miwili, namba ya juu ikipishana zaidi ya 10 au 15 na ukirudia ni hivyo hivyo, mwambie daktari, na baada ya hapo tumia ule unaosoma juu.

Mashine kumbe ilikuwa sahihi muda wote, hapo ndio niliiheshimu. Siku hiyo hiyo nesi aliilinganisha na ya kliniki mkono ule ule, ikapishana 3 tu.

Mtu atasema sasa stenti imeshawekwa, uvimbe umezibwa, presha ya nini tena kuhangaika. Na mimi niliuliza hivyo. Jibu liko kwenye moyo. Aota nzima ina tabia ya mpira, moyo ukisukuma inatanuka inapokea, moyo ukipumzika inajirudisha inaendelea kusukuma damu mbele, inausaidia moyo kazi. Stenti ni chuma na kitambaa, haitanuki vile. Ni kama ulikuwa unamwagilia kwa mpira laini, katikati ukaunga kipande cha bomba la chuma. Moyo unasukumia kwenye kitu kigumu, presha inapanda, na imeonekana hata kwa vijana waliowekewa stenti baada ya ajali, watu ambao hawakuwahi kuwa na presha kabla, na msuli wa moyo unaongezeka unene kwa kazi hiyo. Ukuta mnene unasikika kama sifa nzuri lakini moyo wa hivyo unakuwa mgumu kujaa damu, mtu anachoka, anakosa pumzi kwenye ngazi, na miaka ikienda unaweza kushindwa kabisa. Eko ya kaka (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha chemba ya chini ya kushoto imenenepa kidogo. Kidogo, daktari alirudia hilo neno, na akasema presha ikishikwa inaweza isiendelee.

Na hiyo ni kwa uvimbe uliokaa mahali alipokuwa nao kaka. Ukiwa pale chini kabisa aota inapotokea kwenye moyo, ule mlango, yaani valvu, unatanuliwa haufungi vizuri, damu inarudi nyuma kila pigo na moyo unatanuka. Ukichanika hapo damu inaingia kwenye kifuko cha moyo, moyo unabanwa usijae, hayo ni mambo ya dakika. Bado kuna kugongwa kwa moyo wenyewe, msuli unachubuka, mapigo yanavurugika. Ndio maana mtu wa usukani kifuani huwa anapimwa umeme wa moyo pia, ECG, ni kipimo cha dakika chache tu.

Turudi kwenye mashine, mazuri yake mengine. Inaonyesha mapigo, na kwa kaka hii imefanya kazi kubwa maana anakunywa bisoprololi, dawa inayopunguza nguvu na spidi ya moyo ili aota isipigwe kwa kishindo. Tuliambiwa yakishuka chini ya 50 tupige simu, mwezi wa tatu yakaja 47, tukapiga, dozi ikapunguzwa. Ina alama ya moyo inayowaka kama mapigo hayana mpangilio, imewaka mara mbili tu, na daktari alisema mara moja moja hata kujitikisa wakati inapima kunaiwasha. Inatunza namba za watu wawili, mama naye anapimia humo, usisahau kubadilisha kitufe tu maana mara ya kwanza tuliona presha ya kaka kumbe ni ya mama. Skrini ina namba kubwa, wifi anasoma bila miwani.

Mabaya. Chaja haimo kwenye boksi, unanunua pembeni, na betri nne zinaisha kila mwezi na nusu kwa kupima mara mbili mbili. Zikikaribia kuisha mkanda unajaa taratibu na namba zinakuja za ajabu kabla hata alama ya betri haijatokea, sisi sasa tunabadilisha tarehe moja ya kila mwezi hata kama zinaonekana nzima. Inalia pii kubwa, mtoto akilala anaamka, na sijaona pa kuizima. Kijitabu hakina Kiswahili.

Upimaji wenyewe, nesi alitufundisha na tofauti tumeiona: ametoka kukojoa, amekaa dakika tano mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi sio juu ya sweta (Mbeya baridi, wifi alikuwa anafunga juu ya sweta!), hakuna kuongea, hakuna chai wala sigara nusu saa kabla. Mara mbili, kati yake dakika moja, andika zote. Kaka alikuwa na tabia ya kubishana mpira huku anapimwa, tumemkataza.

Kitu kimoja naomba mkisikie vizuri. Mashine hii haioni aota. Namba inaweza kuwa 120 na uvimbe unaongezeka. Kaka anarudi siti skani kila mwaka kuangalia kama stenti haijasogea na damu haivuji pembeni, na hiyo haina mbadala nyumbani. Na siku akipata maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo katikati ya mabega, kama kitu kinachanwa, hatuambizani lete mashine tupime kwanza, tunaenda hospitali. Gari la jirani tumeshaongea naye.

Mimi naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya chaja na ule mkanda mmoja, kampuni ingeweka hata karatasi kubwa dukani inayosema pima mkono wako. Kwa jumla imetugharimu 133,000 na mkanda mkubwa, kwa aliyetoka kuuza shamba ili mtu aende India hiyo ni hela ndogo sana.

Kaka harudi kwenye fuso, kubeba vizito kumekatazwa kwa sababu ukijikaza presha inaruka juu hapo hapo, amefungua duka la vipuri Mwanjelwa, sauti imerudi kama nusu. Kwenye mkanda ameandika kwa makapeni KULIA, herufi kubwa. Jana usiku kanitumia picha, 126 kwa 78, mapigo 61.

Halafu kama kuna mtu wa Mbeya anajua duka linalouza mkanda mkubwa peke yake bila kununua mashine nzima, naomba aniambie, huu wake sehemu ya kunatia imeanza kuachia ukijaa na sitaki asubiri mpaka mimi niutume kwa basi kutoka Dar.